Namna ya Kupenda kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Juni 1974

Siku njema kupita kiasi! Mwalimu Shilinde amehamishiwa Choma. Ameondoka na basi la asubuhi, amechukua virago vyake pamoja na kitabu pekee cha Kiingereza tulichokuwa nacho. Darasa la jioni la watu wazima limebaki yatima. Wenzangu wamesikitika. Mimi nilikuwa kwa mwenyekiti wa tawi la chama kabla vumbi la basi halijatulia.

Mwenyekiti Masolwa ni mtu wa maneno machache. Aliniuliza kama Kiingereza nakijua. Nikamjibu kwamba kabla sijashika cherehani nilipiga pasi vitambaa vya meza hotelini miaka mitatu, zama za mkoloni, na meza yangu ya pasi ilikuwa nyuma ya dirisha la chumba cha kulia. Miaka mitatu nimewasikiliza Waingereza wakila! Ni kweli kwamba mtu anayekula hasemi mengi. Husema anachokipenda na asichokipenda, basi. Lakini ukishayajua hayo mawili, kuna nini tena cha kujua?

Masolwa alikuna kidevu, akanikabidhi chaki tatu na ufunguo. Mwalimu Mfaume! Nimelirudia jina hilo njia nzima mpaka nyumbani Gongoni.

Sasa niandike sababu yenyewe, maana daftari hili halisomwi na mtu. Zamda binti Abbasi anasoma darasa lile.

Barua yangu ya posa iko kwa baba yake tangu mwezi wa nne. Iko juu ya kabati la vyombo, chini ya birika la shaba. Nimeiona kwa macho yangu nilipopeleka kanzu. Mzee Abbasi hajajibu. Kila nikipita na shikamoo yangu huniitikia marahaba, kisha huanza kuzungumzia mizinga yake ya nyuki, hata nisipouliza. Alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu baba yangu. Nadhani furaha imemziba mdomo.

Nami sina haraka ya jibu. Dini imekataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye, mpaka yule wa kwanza akataliwe au aachie mwenyewe kwa ridhaa yake. Maadamu barua yangu iko chini ya birika, hakuna Mwislamu wa Tabora atakayetia mguu pale. Nimeweka kofia yangu kwenye kiti. Kilichobaki ni Zamda mwenyewe anipende, na kupenda ndilo somo ninalokwenda kufundisha.

Jumatano, 5 Juni

Somo la kwanza. Wanafunzi kumi na wanne. Nilivaa tai.

Nikaandika ubaoni: "I am like ugali." Maana yake, mimi napenda ugali. Darasa zima likasema kwa sauti moja mpaka mbuzi wa jirani wakanyamaza.

Darwesh Hamoud akainua mkono. Huyu ni mtoto wa duka la vyombo pale sokoni, kasoma mpaka kidato cha pili, ana kamusi isiyo na jalada na kalamu mbili mfukoni. Akasema kwa adabu, adabu ile inayochoma, kwamba nilichoandika maana yake ni mimi ni kama ugali. Eti hilo "am" limezidi. Watu wakacheka. Eustadia, muuguzi msaidizi wa hospitali ya Kitete, akasema kwa unene wake yeye haoni kosa. Masika, dada yake Darwesh, alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Nikawatuliza. Nikawaeleza kwamba "am" ni ya heshima. Mtu wa barabarani atasema "I like". Mtu aliyekaa hotelini hutia "am".

Kisha Zamda akauliza. Sauti yake! Akasema sisi kwa Kiswahili tunapenda ugali na tunapenda mtu kwa neno lile lile, je, Waingereza nao? Nikamjibu kwamba nao ni vivyo hivyo, wanapenda watu na supu kwa neno moja. Darwesh, bila kuulizwa, akasema hapana, wana maneno mawili. "Like" ni ya kawaida, ya chakula na ya rafiki. Ile ya moyoni ni "love". Zamda akaandika daftarini. Aliandika maneno ya Darwesh, yangu hakuyaandika. Nimeona kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake makusudi.

Huyu Darwesh itabidi apunguzwe.

Alhamisi, 6 Juni

Hila ya kwanza, nayo imekaa sawasawa. Nilikwenda dukani kwa Darwesh nikamwomba kamusi kwa siku mbili. Akanipa papo hapo, hata hakuuliza ya nini. Mjinga! Siirudishi mpaka maembe yaive.

Nimeisoma mchana kutwa, suruali za watu zikingoja. "Like" ni penda, na pia ni kama. Kwa hiyo Darwesh alikuwa na haki kidogo, na mimi nilikuwa na haki zaidi. "Stand" ni simama. "Mind" ni akili. Mambo ni mepesi sana ukiwa na chombo chenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Somo la kutopenda. Eustadia akasema kuna daktari mgeni pale kazini, kila akiulizwa chai au kahawa hujibu "I don't mind". Akataka kujua ndiyo kupenda au kutopenda. Nikafungua kamusi mbele ya wote. "Mind": akili. "I don't mind": sina akili. Darasa likasikitika. Eustadia akasema masikini, na ameacha wazazi wake mbali. Nikalipiga marufuku neno hilo darasani kwangu. Mtu mzima hawezi kujitukana kwa sababu ya kahawa.

Darwesh alifungua mdomo. Nikamuuliza kamusi yake iko wapi. Akaufunga.

Nikamalizia na kupenda kwa hali ya juu: "I can't stand it." Hili nililisikia hotelini karibu kila siku. Mzungu anatazama sahani, anasema "I can't stand it", yaani siwezi kusimama. Na kweli hasimami! Amekaa palepale na supu yake mbele mpaka wenzake wote wameondoka. Chakula kimemnogea hata magoti yamekufa. Nikawaambia wanafunzi kwamba hakuna sifa kubwa kuliko hiyo katika Kiingereza.

Baada ya somo Masolwa akaingia na habari. Wageni watatu kutoka Ulaya wanakwenda Ulyankulu kuona makazi ya wakimbizi wa Burundi. Jumamosi ijayo watapita kwetu kula chakula cha mchana tawini. Atatakiwa mtu wa kuwauliza wanachopenda na wasichopenda. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Mzee Abbasi naye atakuwepo, ndiye atakayetoa asali. Zamda atanawisha wageni mikono.

Mungu akikupa hakuandikii barua. Mbele ya Zamda, mbele ya baba yake, mbele ya Ulaya! Siku hiyo ikipita salama, mzee atalinyanyua birika mwenyewe na jibu litakuwa ndiyo.

Jumapili, 9 Juni

Zamda aliniletea gauni la kupunguza. Nikapunguza. Nikatia karatasi mfukoni, Kiingereza safi, mwandiko wa kulala: "I am like you. Mfaume." Nikapiga pasi juu yake ili isichomoke.

Nilifikiria ile "love" ya Darwesh, nikaikataa. Sichukui neno la mpinzani.

Jumatatu, 10 Juni

Amejibu!

Karatasi ile ile, chini ya maneno yangu, mwandiko wa duara: "You are not like me."

Nimekaa nayo na kamusi nusu saa. "You", wewe. "Not", hapana. "Like", penda. "Me", mimi. Wewe hunipendi! Ananilalamikia! Binti wa watu anaona simpendi vya kutosha, anataka nizidishe. Na "are" kaiweka mahali pake, kwa heshima, kama nilivyofundisha.

Nimeshona vifungo vya shati la mtu upande wa mgongoni kwa furaha. Nikamjibu haraka: "I am! I am!" Nikampa mkononi alipopita kwenda kisimani. Akasoma, akasema "Fundi wewe" na kuendelea na ndoo yake. Fundi wewe! Nimelipenda hilo kuliko Kiingereza chote.

Jumatano, 12 Juni

Darwesh kaniletea suruali nipunguze upindo. Anataka kuivaa Jumamosi kwa ajili ya wageni. Suruali nzuri ya pekosi, chini pana, kitambaa cha Dar es Salaam. Akaniuliza pia kama kamusi nimeimaliza. Nikamwambia nimefika herufi ya D.

Alipoondoka nilikaa nikaitazama suruali. Jumamosi wageni watakaa kwenye viti na mkalimani wao pembeni. Wananchi wengine watakaa mkekani. Mtu aliyekaa mkekani karibu na mkalimani anaweza kuingilia. Mtu asiyeweza kukaa itabidi arudi nyumbani.

Nimeibana makalioni inchi moja na nusu. Kazi safi, mshono hauonekani. Akisimama atapendeza. Akijaribu kukaa, Tabora nzima itasikia.

Ijumaa, 14 Juni

Msikitini nilimkuta Mzee Abbasi. Shikamoo, marahaba. Akanishika bega, akasema kuna jambo linamsumbua moyoni na hajui aniambieje, marehemu baba yangu asije akamwona mbaya huko aliko. Nikamwambia mzee, usijisumbue, kesho kila kitu kitajionyesha. Akashusha pumzi ndefu. Mizinga yake mitatu imehamwa na nyuki.

Nimenyoosha tai. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "What would you like, sir?" Kioo kilikuwa hakina la kusema.

Jumamosi, 15 Juni

Ushindi! Ngoja niandike yote kwa mpangilio.

Walikuja saa sita na nusu na gari la serikali. Wanaume wawili na mama mmoja mwenye kamera shingoni. Ngoma, vigelegele, hotuba ya Masolwa. Wageni wakakalishwa mezani, nami kwenye kiti cha pembeni na futi yangu ya kupimia shingoni, ili wajue nina kazi ya mikono. Wananchi wakakaa mkekani.

Isipokuwa Darwesh. Alijaribu mara moja, akaganda nusu njia, akainuka polepole na uso mwekundu. Nilitazama pembeni nisicheke. Lakini Masolwa, ambaye huwa haoni kitu, leo akaona. Akasema huyu kijana ana adabu, hataki kukaa mbele ya wageni, basi ashike birika la chai asimame nyuma yao. Nyuma yao! Sentimita ishirini kutoka masikio yao! Inchi moja na nusu yangu imempandisha cheo.

Haidhuru. Chakula kikaja: ugali, kuku, uyoga, mlenda wa karanga. Zamda akanawisha. Nikamuuliza yule mama: "What you are like, madam?" Akafikiri sana, akasema yeye ni mtulivu kidogo. Sikuona uhusiano na chakula, nikamsogezea mlenda. Akachovya, akainua tonge, mlenda ukamfuata mpaka kwenye kidevu. Akalirudisha tonge taratibu, akasukuma bakuli mbali, akasema: "I'm so sorry, I can't stand it."

Nikaruka kutoka kitini! Nikawatangazia wananchi kwamba mgeni anasema mlenda wa Tabora umemnogea hata hawezi kusimama! Vigelegele! Masolwa akaamuru bakuli jingine, kubwa. Wapishi wakalia kwa furaha. Mama yule akalitazama bakuli kwa macho ya maji, watu wakasema tazama alivyoguswa. Darwesh akainama akamnong'oneza, kisha akamnong'oneza dada yake Masika aliyekuwa mkekani karibu, na Masika akajifunika uso mtandioni, mabega yakimtikisika. Baada ya muda bakuli halikuwepo. Nadhani alikula lote.

Kisha mama akanyanyua kamera yake, akanielekea, akauliza: "Do you mind?"

Nilishtuka. Mbele ya mwenyekiti wangu, mgeni ananiuliza kama nina akili! Nikakunja uso. Zamda alikuwa pembeni na jagi la maji. Akaninong'oneza, sikioni kabisa, kwamba hanitukani, anaomba ruhusa. Daktari wa Kitete mwenyewe kamweleza Eustadia. Mtu akisema "do you mind" anaomba ruksa, na ukiwa huna kinyongo unajibu "I don't mind", yaani hewala, sina pingamizi. Pumzi yake ilinukia karafuu. Nikamgeukia mgeni, nikasema kwa sauti: "I don't mind!" Picha ikapigwa. Watu wakapiga makofi.

Neno tamu lililoje! Nimelikalia wiki nzima bila kujua utamu wake. Mgeni mmoja akauliza kama anaweza kuvuta sigara. "I don't mind!" Dereva akataka kuondoa gari juani. "I don't mind!" Masolwa akauliza tugawe asali sasa au baadaye. "I don't mind!" Kila nikisema, Zamda alitabasamu, na Mzee Abbasi alinitazama kwa namna ya ajabu.

Hapo ndipo Darwesh akaweka birika chini. Akaja mbele yangu, amesimama wima (hana njia nyingine), jasho kwenye paji la uso. Akaanza kwa Kiswahili, fundi, nina jambo la heshima nataka kukuomba. Nikamkata. Nikamwambia mbele ya wageni tuseme Kiingereza, tusitie aibu darasa. Akamtazama Mzee Abbasi. Mzee akatazama asali. Darwesh akasema taratibu, neno kwa neno: "Do you mind if I send a letter to Mzee Abbasi about Zamda?"

Nilikamata yote yaliyo muhimu. Barua. Mzee Abbasi. Zamda. Kijana ameona nguvu yangu, sasa anataka kunisaidia kukumbushia barua yangu! Moyo ukalainika. Hata suruali ile nikaijutia kidogo.

"I don't mind!" nikasema.

Akarudia swali. Nikarudia jibu. Akauliza mara ya tatu. Nikasimama, nikamshika mkono ili wote waone. Mzee Abbasi naye akainuka, akaniuliza kwa Kiswahili, mwanangu Mfaume, umesema hayo kwa moyo mmoja, bila kulazimishwa na mtu? Nikamjibu kwa moyo mmoja, mzee, na mbele ya mashahidi. Akanikumbatia. Analia! Zamda kainamisha uso kwenye jagi. Yule mama akatupiga picha sote.

Kesho asubuhi mzee amesema atakuja kwangu mwenyewe. Nimefagia kibaraza.

Jumapili, 16 Juni

Alikuja. Alikuja na barua yangu ya posa imekunjwa kwenye leso nyeupe, na kopo la asali.

Akasema hajapata kuona kijana mwenye roho safi namna hii. Miezi miwili alikuwa hapati usingizi, binti yake hataki, na yeye hawezi kulitamka neno hilo kwa mtoto wa rafiki yake. Darwesh anampenda binti na binti anampenda Darwesh, lakini Darwesh ni mcha Mungu, asingethubutu kuposa juu ya posa yangu. Na jana mimi, mbele ya serikali na Ulaya, nimemwachia ndugu yangu mara tatu. Mara tatu! Akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina. Ningefanya nini?

Niseme nini? Kwamba sikuelewa? Mwalimu wa Kiingereza?

Alipoondoka nilifunga mlango nikalia. Nimempenda Zamda tangu alipokuwa akija kuchukua nguo za baba yake na kusimama pale mlangoni akihesabu vifungo kwa kidole. Nililia juu ya kitenge cha mteja mpaka rangi ikachuja. Inauma. Inauma hapa katikati, na hakuna wa kumwambia ila daftari.

Alasiri Zamda alikuja mwenyewe. Akakaa kizingitini. Akasema: "Fundi, nilikuandikia. Nilijua huwezi kunisikia kwa Kiswahili, nikasema labda kwa Kiingereza." Nikamtolea karatasi. Nikamwambia hapa umesema sikupendi. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema hapana, hapo nimesema wewe si kama mimi. Wewe unapenda kusikilizwa, mimi napenda kujifunza, tungekaa nyumba moja kila mtu na ukuta wake. Akasema hanichukii hata kidogo. Akaniomba nimshonee nguo za harusi, maana mshono kama wangu hakuna mji mzima.

Nikamwambia sawa. Mshono, kasema kweli. Kuhusu karatasi, nimeitazama tena alipoondoka. Nadhani Kiingereza chake ndicho kilichokosea.

Jumatatu, 17 Juni

Mji mzima unanisifu! Sokoni nimepewa mkono na watu nisiowajua. Msikitini wamenipisha safu ya mbele. Masolwa kasema mimi ndiye ujamaa wenyewe uliovaa suruali, mtu anayegawana na mwenzake hata posa, na ameniongezea chaki sita. Nimeanza kuona kwamba nililipanga jambo hili tangu mwanzo bila kujijua. Ni mara chache mtu anakuwa mkarimu kiasi hiki kwa Kiingereza.

Kamusi nimemrudishia Darwesh. Akanishukuru, macho yamemjaa maji. Suruali yake ya pekosi pia nimeitanua, nikamwambia kitambaa cha Dar es Salaam hujibana chenyewe.

Alhamisi, 11 Julai

Ndoa ni kesho baada ya sala ya Ijumaa. Nimemaliza gauni la Zamda saa tano asubuhi. Kola ya duara, mikono ya lesi, vifungo kumi na viwili. Nilivihesabu kwa kidole. Nimelikunja vizuri, nikalitia kwenye karatasi, na mfukoni sikuweka kitu. Ilinichukua muda kutoweka kitu.

Mchana Masika alikuja kupima lake, pamoja na Eustadia. Masika dada yake Darwesh, yule wa mtandio. Alikaa kwenye benchi langu, amekunja mikono, ananitazama nikitembea na futi. Nikamweleza habari za hotelini. Nikamweleza za mlenda na wageni, jinsi nilivyotafsiri. Nikamweleza mara ya pili kwa sababu alikuwa hasemi kitu. Ndipo akamgeukia Eustadia, akasema kwa Kiingereza, polepole, akidhani sitasikia:

"I can't stand him."

Futi ikaniponyoka.

Nimelisikia kwa masikio yangu! Si supu, si mlenda. "Him"! Mimi! Nikamtazama miguu. Haikusimama. Alikaa palepale mpaka Eustadia akamshika mkono kumwinua, na hata hapo aliinuka kwa shida, anatazama pembeni, mdomo kaubana. Eustadia alikuwa anacheka. Wanawake hufurahiana sana katika mambo haya.

Sasa nimeelewa yote. Alivyocheka siku ya kwanza. Alivyojifunika uso siku ya wageni, mabega yakitikisika. Mimi nilikuwa natazama jagi, mwenye magoti yaliyokufa alikuwa mkekani!

Barua ya posa ya safari hii itakwenda kwa mzee Hamoud, baba yake, kesho hiyo hiyo watu wakiwa wamekusanyika, kabla mtu mwingine hajaweka kofia yake. Nayo karatasi ya Masika nimeshaiandika. Nimeangalia makosa ya zamani, nimeyasahihisha. Like ni ya chakula na rafiki, Darwesh alisema kweli, na mimi si mtu wa kung'ang'ania ujinga. Nimeandika: "I am love you."

Mfuko wa gauni lake nimeuongeza inchi mbili, maana najua atataka kujibu.